Sahani ya Peke Yake

Clotilde Mwenya hakuwahi kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Kwa miaka kumi na tisa alipikia watoto mia tatu kila siku, huko Kambove, katika kantini ya watoto ya kampani moja ya mgodi. Baadaye alipikia mume na watoto wawili. Mumewe, Laurent, alifariki. Mwanawe Dan alikwenda Kolwezi kuendesha magari ya machimbo, na bintiye Keren aliolewa ng'ambo ya mpaka, Zambia. Watu waliondoka, sufuria ikabaki ileile. Kila jioni Clotilde alisonga bukari, ugali wetu wa mahindi, akaipakua, akaitazama ikitoa mvuke katikati ya meza, akajua kwamba amepima vibaya tena.

Alikula mlango ukiwa wazi. Hakufanya hivyo kwa ajili ya hewa. Kwetu Lubumbashi, mtu anayekula peke yake nyuma ya mlango uliofungwa hujiletea maswali: anakula nini, na anakula na nani? Basi aliuacha mlango wazi, na kila aliyepita uani alimwambia, "Karibu tukule." Wapitaji walijibu, "Asanti mama, nilishakula," wakaendelea na safari yao. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Katika miaka sita ya ujane wake sidhani kama watu watano waliitikia mwaliko ule wakakaa.

Alikaa Kenya, moja ya komini, yaani wilaya, za Lubumbashi, karibu na soko, katika nyumba iliyogawanywa katikati kwa ukuta mmoja. Upande mmoja ulikuwa wake, vyumba viwili. Upande wa pili ilikaa familia ya Ephraïm, muuza vipuri vya pikipiki, na mkewe Sephora, ambaye wote walimwita Mama Elisée kwa jina la kifungua mimba wake. Bomba la maji lilikuwa moja, uani, na ule ukuta ulikuwa mwembamba. Clotilde alijua ni wimbo gani wa kanisa unaoimbwa upande wa pili, na nani amechapwa.

Aliyechapwa mara nyingi aliitwa Exaucée.

Alikuwa na miaka tisa, mtoto wa tatu kati ya sita. Pamoja na binamu wawili waliokaa nao, watoto wa nyumba ile walikuwa wanane. Exaucée alikuwa akisoma mwaka wa tatu kwa mara ya pili. Darasani alilala. Akiamshwa alikasirika, na akikasirika aliuma. Msichana mmoja wa dawati lake alikuwa na alama ya meno mkononi. Nyumbani alisahau alichotumwa kabla hajafika getini. Ngozi yake ilikauka kama ya mtu mzima, na nywele zake zilianza kuwa na rangi ya kutu pembeni mwa uso. Mwalimu wake, Pierre, alimwita baba shuleni mara mbili. Mara ya pili, mwezi wa Januari, Clotilde alikuwa akichambua maharagwe alipomsikia Ephraïm amerudi.

"Akirudilia tena, masomo imekwisha," Ephraïm alisema. "Namutuma kwa shangazi yake Mwene-Ditu, akalee batoto ya bengine."

"Papa Elisée, eko mutoto," Sephora akajibu.

"Mutoto wa miaka tisa hajue kusoma jina ya avenue yetu! Mwezi ya saba tutaona."

Basi mambo yalisimama hivyo. Kutoka Januari hadi mtihani wa mwezi wa saba, ndio muda aliobakiwa nao mtoto yule wa kuwa mwanafunzi.

Clotilde aliyaacha maharagwe. Ugonjwa ule aliujua. Kule kantini kila mtoto alikuwa na sahani yake ya chuma, nyeupe, yenye ukingo wa buluu na namba iliyopakwa rangi chini yake. Kazi ya Clotilde haikuwa kupika tu. Baada ya chakula alipita mezani akisoma sahani: huyu ameacha maharagwe, huyu amekula bukari akaacha majani, huyu amemaliza na bado anaangalia ya jirani. Kila mwezi watoto walipimwa uzito, na namba ya mizani ikalinganishwa na alichokiona mezani. Sitaisifu kampani. Iliwalisha watoto kwa sababu ilitaka wachimbaji wenye nguvu kesho, na siku ilipokosa haja nao ilifunga kantini bila kuaga. Lakini Clotilde aliona kwa macho yake watoto waliokuja wakiwa wamesinzia na wakali, wakilia bila sababu, na baada ya miezi miwili ya karanga, samaki, maharagwe na majani wakawa watoto wanaocheka na kuhesabu. Aliyaona mara nyingi mno hata hakuweza tena kumwita mtoto yeyote mjinga kabla ya kuuliza kilichokuwa kwenye sahani yake.

Lakini nyumba ya Ephraïm haikuwa nyumba ya njaa. Kila siku Clotilde alisikia harufu ya samaki. Hilo ndilo lililomsumbua, mpaka Jumamosi moja saa kumi na moja jioni alipokwenda bombani kuchota maji na kuwakuta watoto wanakula uani.

Kwa desturi yetu baba huandaliwa chakula chake sebuleni, na watoto hula pamoja katika sahani moja kubwa. Bukari ilikaa kama kilima, na pembeni bakuli moja la samaki aina ya tomson katika mchuzi wa nyanya. Mikono minane iliingia mara moja. Exaucée akanyoosha wa kushoto.

Kofi lilimfikia kabla hajagusa. Lilitoka kwa Elisée, kaka yake wa miaka kumi na minne. "Toa ile mukono! Mukono ya choo haiingie mu chakula ya bantu!"

Wengine wakacheka. "Mukono ya choo! Mukono ya choo!"

Mtoto akauficha mkono wa kushoto chini ya paja, akajaribu kwa wa kulia. Bukari ilikuwa ya moto. Tonge lilimvunjikia vidoleni, akaliokota, akalifinyanga tena kama mtu anayejifunza kufunga kamba ya kiatu. Alipolifikisha kwenye bakuli, samaki walikuwa wamekwisha. Akachovya kwenye mchuzi. Akafinyanga la pili, akachovya, safari hii bakuli lilikuwa limefutwa. Tonge la tatu na la nne alilila kavu.

Sephora aliingia getini akitoka sokoni, beseni kichwani. "Mulikula?"

"Tulikula, mama," Elisée akasema. "Angalia, hata soupe haikubakia."

Sephora akaitazama sahani tupu, uso wake ukalegea kwa furaha ya mama aliyechoka. "Mungu asifiwe. Wote mulishiba."

Ndoo ya Clotilde ilikuwa imejaa na maji yanamwagika miguuni mwake. Sahani ya pamoja haisomeki. Ikiwa tupu, inasema tu kwamba chakula kimekwisha. Haisemi nani amekila. Yule mtoto alikuwa akishiba bukari kila siku ya Mungu, na asubuhi chai ya sukari na kitumbua kimoja, na katika tumbo lake hapakuwa na kitu kingine.

Clotilde alifanya kwanza kilichokuwa sawa. Siku ya pili alimkuta Sephora bombani.

"Mama Elisée, nataka kusema neno moja. Musikasirike."

"Semeni, mama."

"Exaucée hapate mboga. Anashiba bukari tu."

Sephora akaweka ndoo chini. "Mulisema kwangu mutoto eko na njala?"

"Sikusema njala, mwanangu. Nilisema..."

"Mama, mi naamuka saa kumi na moja ya asubui. Ile tomson, mi njo nanunua. Ile majani ya sombe, mi njo natwanga. Hakuna mutoto analala njala mu nyumba yangu." Akabeba ndoo, na akiwa tayari amempa mgongo akaongeza, "Bale benu munajua kama balikula leo?"

Clotilde hakujua kama Dan alikuwa amekula siku ile, wala Keren. Akarudi ndani.

Hapa ndipo alipokosa, na siwezi kulipita kosa lake kwa kuwa nilimheshimu. Alipaswa kurudi kwa Sephora mara ya pili na ya tatu, au kumtafuta mtu wa kumsindikiza. Badala yake alimwita mtoto kwa siri. Na kila mtu aliyekulia hapa anajua maana ya bibi anayekaa peke yake kumpa mtoto wa watu chakula kwa siri. Kwetu inaaminika kwamba uchawi hupitishwa hivyo: kipande cha mkate, karanga chache mkononi, na mtoto amechukuliwa. Wanaosema hivyo ni wa Katanga na wa Kasai, waliosoma na wasiosoma, na wengine wao ni viongozi wa makanisa. Clotilde aliyajua hayo. Alifikiri umri wake na rozari yake vitamlinda.

Shule ilitoka saa sita na nusu, na Sephora alikuwa sokoni hadi jioni. Exaucée aliingia kwa mlango wa jikoni. Siku ya kwanza alisimama mbele ya sahani yenye ukingo wa buluu, moja kati ya sita ambazo Clotilde aliondoka nazo Kambove. Kulikuwa na maharagwe, lengalenga, yaani mchicha, iliyopikwa na unga wa karanga, na yai moja.

"Kambo, onjeni mbele," mtoto akasema. Kambo ni bibi.

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Anasema muntu akikupa chakula na yeye hakule, kimbia."

Clotilde akaonja maharagwe, akaonja majani, akamega yai. "Na kama alikula?"

Exaucée akafikiri. "Pale hakusema." Akakaa.

Alinyoosha mkono wa kushoto, akasita, akamwangalia bibi. Clotilde akageuza uso kuelekea jiko kama asiyeona kitu. Alipogeuka tena sahani ilikuwa nusu.

Ikawa hivyo kila siku ya shule, Februari na Machi yote, mvua ikipiga mabati na lengalenga ikiota hadi kwenye mitaro. Siku nyingine dagaa, siku nyingine karanga na ndizi. Clotilde alianza kuangalia saa tangu saa tano. Alifagia jiko mara mbili. Alijikuta anamwambia Laurent, ambaye ni picha ukutani, kwamba leo ni zamu ya kunde. Mtoto alikula, kisha akazungumza, na kila wiki mazungumzo yakawa marefu zaidi.

"Kambo, kwenu sahani ni mingi na bantu kidogo. Kwetu bantu ni mingi na sahani moja. Tubadirishe."

"Tubadirishe je?"

"Muniletee sahani, mi nitawaletea Elisée."

Clotilde alicheka mpaka akafuta macho. Hakukumbuka ni lini ukuta ule ulisikia kicheko kutoka upande wake.

Mwishoni mwa Machi Exaucée alimsomea maandishi ya gunia la unga, yote, pamoja na uzito. Nywele zilizokuwa zikiota chini zilikuwa nyeusi. Alama ya meno kwenye mkono wa yule msichana wa dawati lake ilikuwa imepona, na hakuna nyingine iliyopata kutokea.

Kabla ya Pasaka mwalimu Pierre aliita wazazi kuchukua bulletin, ile karatasi ya maksi. Sephora alikwenda akiwa amejiandaa kusikia aibu. Pierre alimpokea akitabasamu. "Mama, mulifanya nini nyumbani? Huyu mutoto aliamuka. Iko nanyoosha mukono mbele ya bote. Muendelee vile vile."

Mwalimu alidhani anampongeza. Lakini Sephora alijua kwamba nyumbani hakufanya lolote jipya, na mama asiyejua mwanawe amebadilishwa na nini huanza kuogopa. Alirudi polepole. Getini alikaa Joëlle, muuza makaa, ambaye alimwona kila aliyeingia na kutoka.

"Mama Elisée, mutoto yenu alipata akili?"

"Juu ya nini unauliza?"

"Hapana, nafurahi tu. Kila saa sita eko anaingia kwa ule mama mukongwe, mu mulango wa nyuma. Nilifikiri mulimutuma."

Sephora alisukuma mlango wa jikoni bila kubisha. Binti yake alikuwa amekaa, mkono wa kushoto ndani ya sahani, midomo imepakaa karanga.

"Mulimupa nini mutoto yangu?"

"Maharagi, mama, na lengalenga. Njoni muone sufuria," Clotilde alisema, akisimama. "Onjeni."

"Mi nionje? Na mi muniingize?" Machozi yalikuwa yanamtoka Sephora. Alimpenda mtoto wake. Anayesimulia kisa hiki bila kulisema hilo anadanganya. "Akili ya mutoto mulitoa wapi? Mulibadirisha na nini?"

"Mama, Kambo alionjaka mbele!" Exaucée akalia. "Kila siku alionjaka!"

Kofi likamnyamazisha. Sephora akamvuta nje kwa mkono, na uani Joëlle na wanawake wengine watatu walikuwa wamekwisha kusimama.

Sahani ilibaki mezani na nusu ya chakula. Clotilde hakuiosha siku ile.

Familia ilimpeleka mtoto kwenye nyumba moja ya maombi. Huko aliambiwa afunge siku tatu, maji tu mpaka jioni, ili kilichomwingia kwa chakula kitoke kwa njaa. Nasema wazi, na atakayeudhika audhike: mtoto aliyekosa chakula bora kwa miaka, akiponywa kwa kunyimwa chakula, amefanyiwa dhambi, na jina la Mungu halipunguzi dhambi hiyo bali linaizidisha.

Na sisi wa parokia? Tulikuwa na shirika letu la mtaa, watu kumi na wawili, Clotilde akiwemo, tukisali kila Jumatano katika nyumba ya mmoja wetu kwa zamu. Wiki mbili baada ya Pasaka zamu ilikuwa ya Clotilde. Tulikwenda wote, hakuna aliyethubutu kubaki. Tuliimba, tukasoma Injili, tukamwombea mjane. Kisha akaleta munkoyo, kinywaji cha mahindi alichokichachua mwenyewe kwa siku mbili, akammiminia kila mtu, akanywa kikombe chake mbele yetu hadi mwisho. Tulizungumza juu ya mvua, na juu ya paa la kanisa. Tulipoaga, vikombe kumi na kimoja vilikuwa bado vimejaa. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa changu.

Alituambia, "Asanti kwa kufika." Nyuma yetu tukasikia anavimwaga uani, kimoja kimoja.

Mwezi wa tano Exaucée alikuwa analala tena darasani. Pierre alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kupigana. Kupitia ukutani Clotilde alisikia jina la Mwene-Ditu likitajwa tena, safari hii pamoja na siku ya kupanda treni: mara tu baada ya bulletin ya mwisho.

Wakati ule aibu ya vile vikombe ilikuwa imetuuma baadhi yetu. Tulimshauri Clotilde apeleke shauri kwa chef wa avenue, mkuu wa barabara yetu, mzee Donat, ili Sephora akane maneno ya uchawi mbele ya watu. Alifikiri siku nzima, akakubali. Jumapili alasiri tukakaa uani kwa chef: watu watatu wa shirika, Ephraïm na mkewe, Elisée, na Clotilde na mfuko wake wa kitambaa magotini.

"Mama Clotilde," chef alisema, "jina yenu iliharibika. Munaomba nini? Bawaombe pardon, musamaha?"

Sisi watatu tulikuwa tumekwisha kumwandalia maneno. Hakuyatumia.

"Chef, sitafute pardon. Mi njo nilikosa. Nilimupa mutoto wa bengine chakula mu kificho. Chakula ilikuwa muzuri, kificho njo ilikuwa mubaya." Akawageukia wazazi. "Minaomba kintu moja tu. Exaucée apate sahani yake. Mumupimie mboga yake mbele, na samaki yake, kisha bengine bakule. Na mumuache akule na mukono yake."

"Kushoto?" Sephora akasema. "Mu chakula ya bantu?"

"Mu sahani yake, mama. Haitagusa ya muntu."

Ephraïm alikuwa amekunja uso. "Kwani kwangu mutoto hashibe?"

"Anashiba, papa. Bukari inajaza tumbo, haiamushe kichwa. Mukono yake inafika, samaki ilishaisha."

Chef akamtazama kijana. "Elisée, ni kweli?"

Elisée akatazama ndala zake, akicheka kidogo. "Yeye eko polepole, chef. Ku sahani yetu, mwenye polepole..."

"Mwenye polepole nini?"

"Anakula soupe."

Watu wakacheka. Chef mwenyewe alicheka. Sephora hakucheka. Alimwangalia mwanawe wa kwanza, mwenye mabega mapana na shavu la afya, na nikaona macho yake yakihesabu siku nyuma, sahani tupu baada ya sahani tupu, na kila mara ile "Mungu asifiwe" yake. Aliposema, hakumtazama Clotilde.

"Na beye, mama Clotilde? Bataacha kumuita mutoto yangu?"

Nilimwona Clotilde akishika mfuko wake kwa mikono yote miwili. "Nitaacha. Sitamuita. Sitamusalimia."

"Hata akisalimia yeye?"

"Hata akinisalimia."

Kisha akafungua mfuko, akatoa sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, imesuguliwa mpaka inang'aa, akamnyooshea. Sephora akarudisha mikono nyuma.

"Hapana, mama. Ya kwenu ikae kwenu."

"Sahani nitanunua," Ephraïm akasema haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kuondoka.

Clotilde akaifunga sahani katika kitambaa, akairudisha mfukoni. Shauri likaisha. Neno uchawi halikukanwa na mtu, kwa sababu mwenye haki ya kudai hakudai, na mpaka leo kuna watoto wa avenue ile wanaovuka upande wa pili wakimwona. Njiani nilishindwa kujizuia.

"Mama, muliacha jina yenu kule. Tulikuja juu ya jina."

"Jina haina njala," alinijibu.

Kuanzia juma lile, saa kumi na moja, sauti mpya ilisikika ukutani. Kijiko kikigonga chuma. Ephraïm alikuwa amenunua sahani ya chuma sokoni, na kijiko pamoja nayo. Clotilde aliisikiliza kama alivyozisoma zile za Kambove. Mwanzoni kijiko kilikwenda mbio, pigo juu ya pigo, kama cha mtu anayeogopa kunyang'anywa. Baada ya wiki tatu kilipunguza mwendo. Mwishowe kilikuwa kinasimama katikati, na katika nafasi ile Clotilde alisikia sauti ya mtoto ikieleza jambo, na watu wakicheka, na kijiko kikaendelea.

Mara moja walikutana getini. Exaucée alikuwa amebeba mkoba wa shule kwa bega la kushoto. Akafungua kinywa. Clotilde akainama kama anayefunga kamba ya kiatu, akakaa ameinama hivyo mpaka miguu ile midogo ikapita. Clotilde alikuwa amevaa ndala.

Mwezi wa saba ulikuja na baridi yake, vumbi jekundu likikaa juu ya kila kitu. Asubuhi moja Clotilde alikuwa anaosha sufuria bombani Sephora alipofika na vyombo vyake. Kwa miezi miwili, mmoja wao alipomwona mwenzake bombani alirudi ndani kungoja. Siku hiyo Sephora hakurudi. Aliosha vikombe, akaosha kijiko, akaosha sahani moja ya chuma, akaifuta mgongo kwa kiganja. Akasema huku akiitazama ile sahani:

"Alipita. Cinquante-huit, hamsini na nane kwa mia."

"Asanti," Clotilde akasema.

Sephora akakusanya vyombo vyake. Alionekana kama mwenye neno jingine, midomo ikafunguka, lakini upande wa getini Joëlle alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye makaa yake. Sephora akaingia ndani.

Hivyo ndivyo anavyoishi hadi sasa. Anapika saa kumi, bado anapima vibaya, na mlango bado anauacha wazi ingawa siku hizi hamwambii mtu karibu. Anaipakua bukari, na majani, na samaki kidogo, katika sahani yenye ukingo wa buluu, na anaiweka mezani. Lakini haanzi kula papo hapo. Anavuta kiti karibu na ukuta, anaweka mikono magotini, anangoja chakula kipoe mbele yake. Upande wa pili watoto wanaitana, vyombo vinapangwa, mtu anakemewa. Kisha kijiko kinagonga chuma mara ya kwanza, na Clotilde naye ananyoosha mkono, anaanza kula.